Mdomo ukienda upande, usingoje asubuhi



Tumezoea kusema hapa juu ya kofia za kazi, viatu, vumbi la mawe na baruti. Leo tunasema juu ya ajali nyingine. Ajali hii haina kelele na haina moshi. Inatokea ndani ya kichwa cha mtu, kazini au nyumbani, mchana au usiku. Jina lake ni kiharusi. Wengi wetu tunaiita kwa Kifaransa, AVC. Wengine husema tu, «fulani amepooza».

Tuchukue mfano. Tumeutunga sisi wenyewe, lakini wengi wa Kisangani wataona kama wanamjua mtu huyu.

Mfanyakazi mmoja, dereva wa kamio, mwenye miaka 48, amekuja mapumzikoni kwake Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Miaka miwili iliyopita mganga alimwambia kwamba ana tansio, akampa vidonge. Alivimeza mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaviacha. Sasa ni saa mbili ya usiku, jamaa yote wanakula. Kijiko kinamwanguka. Anataka kukiokota, lakini mkono wa kuume haumtii.

— Papa, una nini? bibi yake anamwuliza.

Anataka kujibu, lakini maneno yanatoka kama ya mtu aliyelewa. Mdomo umeenda upande. Mtoto wa mwisho anacheka, anadhani baba anafanya mchezo.

Jirani anafika.

— Mama, hiyo ni malaria imempanda kichwani. Mpe maji, alale.

Shangazi naye anasema kwamba kuna mtu kazini anayemwonea wivu, kwa hiyo waite kwanza watu wa maombi. Ndugu mkubwa wa mgonjwa anapigiwa simu. Anajibu:

— Shemeji, usiku huu mtavukaje? Mningoje. Kesho asubuhi tutavuka pamoja.

Wanangoja. Asubuhi wanampakia katika mtumbwi, wanavuka, wanatafuta gari. Saa nne wanafika hospitali. Mganga anawauliza swali moja tu la kwanza: «Ilianza saa ngapi?» Watu wanatazamana. Tangu saa mbili ya usiku mpaka saa nne ya asubuhi ni saa 14.

Ni nani aliyekosa hapa? Hakuna mtu mbaya katika nyumba hiyo. Wote walimpenda. Walikosa ujuzi, basi. Ndiyo sababu ya makala haya.

KIHARUSI NI NINI?

Ubongo ni kitu kidogo. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Lakini unatumia karibu sehemu moja ya tano ya hewa safi ambayo damu inabeba mwilini. Hauna akiba. Damu ikikatika, ubongo unaanza kufa mara moja.

Damu inakatika kwa njia mbili. Ninyi wa migodini mtaelewa upesi, kwa sababu mnajua mipira ya maji na ya hewa.

Njia ya kwanza: mpira unaziba. Damu iliyoganda inakwama katika mshipa, na upande wa mbele haupati kitu tena.

Njia ya pili: mpira unapasuka. Mshipa uliochoka kwa tansio ya miaka mingi unatoboka, na damu inamwagika ndani ya ubongo.

Duniani, aina ya kuziba ndiyo nyingi. Lakini kwetu Afrika kupasuka nako kunaonekana sana. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Nigeria na Ghana juu ya wagonjwa zaidi ya 2,000, na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100, karibu 32 walikuwa na aina ya kupasuka.

Kwa macho huwezi kujua ni aina gani. Hata mganga mwenye ujuzi anaweza kukosea akitazama tu. Kinachoonyesha vizuri ni picha ya skana, mashine iliyopiga picha ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa huko London mwaka 1971. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia tukisema juu ya aspirini.

UTAIJUAJE?

Shikeni maneno manne. Yafundisheni hata kwa mtoto wa shule.

USO. Mwambie mgonjwa acheke au aonyeshe meno. Je, upande mmoja wa mdomo unaanguka?

MKONO. Mwambie ainue mikono yote miwili mbele, afumbe macho. Je, mmoja unashuka wenyewe?

MANENO. Mwambie aseme jina lake na siku ya leo. Je, anagugumia, anachanganya maneno, au hasemi kabisa?

SAA. Ukiona hata moja ya ishara hizo, tazama saa, uiandike, na uanze safari ya hospitali. Usingoje ishara ya pili.

Kuna ishara nyingine: jicho linaacha kuona ghafula, mtu anapepesuka bila sababu, mguu mmoja unakufa ganzi, au kichwa kinauma ghafula kwa nguvu ambayo mtu hajaona maisha yake yote. Neno kubwa ni «ghafula». Malaria mara nyingi huanza na homa na uchovu, kisha huzidi. Kiharusi huja kama taa inavyozimika, na mara nyingi hushika upande mmoja wa mwili. Lakini msipoteze muda kubishana kama ni hiki au kile. Malaria iliyofika kichwani nayo ni ya kukimbiza hospitali usiku uleule.

Kapita, sikiliza vizuri. Mfanyakazi aliyekuja mzima, kisha katikati ya zamu akaanza kupepesuka na kugugumia, usiseme upesi kwamba amelewa. Usimfukuze aende kulala chini ya mti. Mwondoe kwenye mashine, umfanyie majaribio hayo matatu, uso, mkono na maneno. Ni kazi ya dakika moja. Hata kama amekunywa kweli, mlevi pia anaweza kupatwa na kiharusi.

KWA NINI HARAKA?

Waganga wamehesabu kwamba, mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kwa wastani chembe za ubongo 1,900,000 zinakufa kila dakika moja. Chembe zilizokufa hazirudi. Lakini pembeni ya sehemu iliyokufa kuna sehemu nyingine ambayo bado inapigania maisha yake. Hiyo ndiyo tunayokimbilia kuiokoa.

Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba dawa moja ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia wenye aina ya kuziba, ikidungwa ndani ya saa 3. Mwaka 2008 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba inaweza kufaa mpaka saa 4 na nusu. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwamba waganga wanaweza kupitisha waya mwembamba ndani ya mshipa na kuvuta damu iliyoganda, na wagonjwa wengine waliochaguliwa vizuri husaidiwa hata baada ya saa nyingi zaidi. Lakini katika njia zote hizo, anayefika mapema ndiye anayepata faida kubwa.

Msomaji mmoja atasema: «Hizo ni habari za Ulaya. Dawa hiyo haipatikani katika kila hospitali. Sasa mimi nikimbie kwa nini?»

Swali ni la haki, na jibu lake ni hili. Wagonjwa wengi wa kiharusi hawafi kwa sababu ya mshipa peke yake. Wanakufa kwa mambo yanayofuata, na mengi yanaweza kuzuiwa hata katika hospitali isiyo na mashine kubwa.

Mwuguzi atapima sukari ya damu. Sukari ikishuka sana, mtu anaweza kuonekana kama mwenye kiharusi kabisa, na akipewa sukari kwa sindano anaweza kuamka palepale. Fikirini mtu kama huyo akingojeshwa mpaka asubuhi!

Atajaribu kama mgonjwa anaweza kumeza. Koo likipooza, maji na uji huingia mapafuni, na ugonjwa wa mapafu unamwua baada ya siku chache.

Atatuliza homa, atatazama pumzi, atashughulikia tansio kwa kiasi. Kuishusha kwa ghafula bila mganga kunaweza kuunyima ubongo damu kidogo iliyobaki.

Atamgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, na ataanza mapema kumzoeza mkono na mguu.

Hospitali zinazotunza wagonjwa wa kiharusi kwa utaratibu huu, pamoja na wauguzi waliofundishwa, huokoa watu wengi zaidi, na wengi zaidi hurudi nyumbani kwa miguu yao.

FANYA HIVI

1. Andika saa. Si saa uliyomkuta, bali saa ya mwisho ambayo mtu alimwona mzima. Aliyeamka nayo asubuhi, sema alilala saa ngapi.

2. Mlaze kwa ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo, ili matapiko yasimzibe. Legeza mkanda, kola na viatu. Toa meno ya kubandika kama anayo.

3. Chukua vidonge vyote anavyotumia na karatasi zake za hospitali, uende navyo.

4. Piga simu kazini au kwenye dispensari ya kampuni, useme wazi: «Tunadhani ni AVC, ilianza saa fulani.» Uliza ni hospitali gani wampokee, msije mkazunguka mji mzima na mgonjwa.

5. Mtu mmoja amshike mkono na azidi kusema naye kwa upole. Hata asiyeweza kujibu, mara nyingi anasikia.

USIFANYE HIVI

1. Usimpe maji, chai, uji, wala dawa ya kumeza.

2. Usimpe aspirini. Inaweza kumfaa aliyezibwa mshipa, lakini itamzidishia damu aliyepasuka mshipa, na tulisema kwamba kwa macho hatuwezi kutenganisha. Hospitali ndiyo itaamua.

3. Usimwongezee vidonge vya tansio, vyake au vya jirani.

4. Usimchanje, usimsugue pilipili, usimmwagie maji baridi.

5. Usimwache alale «aone kama itapita».

Na maombi? Hakuna anayewakataza kuomba. Ombeni mkiwa njiani. Mungu anasikia hata ndani ya mtumbwi na juu ya gari.

MTO NA BARABARA

Kila mtu ajue njia yake kabla ya ajali. Mwenye kukaa Makiso yuko karibu na hospitali kubwa. Wa Mangobo, Tshopo, Kabondo na komini ya Kisangani wanahitaji gari. Wa Lubunga wanahitaji kwanza kuvuka mto. Na ndugu zetu walio katika machimbo ya msituni, upande wa Banalia, wana barabara ya zaidi ya kilometa 120 mpaka mjini, na mvua haiwaulizi kama wana mgonjwa.

Kwa hiyo jamaa na wakae jioni moja, wajibu maswali matatu. Nani mwenye mtumbwi wa mota anayeweza kuamshwa usiku, na namba yake ya simu iko wapi? Nani mtaani mwenye gari? Franga za safari ziko wapi, na nani ana ruhusa ya kuzichukua bila kungoja mwenye nyumba? Jibu liandikwe ukutani karibu na kalenda. Swali hili la tatu ndilo linalochelewesha watu kupita yote. Mara nyingi mwenye ufunguo wa sanduku ni yule yule aliyepooza.

Toleka na pikipiki hazimfai mtu asiyeweza kujishika. Ikiwa hakuna gari, kipoyi cha miti miwili na blanketi, pamoja na vijana wanne wenye nguvu, kitamfikisha salama mpaka barabara kubwa au mpaka bandarini. Wale wa machimboni wapitie kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu, sukari ipimwe, kisha safari iendelee.

ILE INAYOPITA

Mara nyingine mdomo unaenda upande, mkono unakufa, kisha baada ya dakika kumi au nusu saa kila kitu kinarudi. Mtu anacheka, anasema, «Shetani ameniacha.» La! Hicho ni kiharusi kidogo, nacho ni onyo. Bila matibabu, karibu mtu mmoja katika kumi wa namna hiyo hupata kiharusi kamili ndani ya miezi mitatu, na nusu ya hao hukipata katika siku mbili za kwanza. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama unatembea vizuri.

NANI ANAWEZA KUPATWA?

Kiharusi hakichagui. Mwanamuziki wetu mkubwa Tabu Ley Rochereau, aliyechezesha Afrika nzima na ambaye baadaye aliingia katika uongozi wa mji wa Kinshasa, kilimpata mwaka 2008. Afya yake haikurudi kama zamani, na alifariki Brussels tarehe 30 Novemba 2013.

Tena si ugonjwa wa wazungu wala wa wazee tu. Katika Tanzania, uchunguzi wa miaka 2003 mpaka 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi. Wilayani Hai, kati ya wakulima, walikuwa kidogo zaidi ya 100 kila mwaka katika watu 100,000. Mjini Dar es Salaam walikuwa zaidi ya 300. Maisha ya mjini, chumvi nyingi, kukaa kitako na tansio isiyopimwa, yana bei yake.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto mwenye ugonjwa wa damu tunaouita SS anaweza kupata kiharusi akiwa bado shuleni. Mtoto wa SS akishindwa ghafula kushika kalamu au kusema, msidhani ni uvivu au maumivu yake ya kila siku. Kimbieni.

Lakini adui wa kwanza ni tansio. Uchunguzi ule wa Nigeria na Ghana uliiweka mbele ya sababu zote. Tansio haiumi, ndiyo hila yake. Mtu ana 18 kwa 11 na anabeba magunia. Pima angalau mara moja kwa mwaka. Ikionekana 14 kwa 9 au zaidi, na ikirudi hivyo siku nyingine, fuata mganga. Vidonge vya tansio si kama vya malaria, ambavyo humalizwa kwa siku tatu. Dereva haondoi breki za kamio kwa sababu jana gari halikuanguka. Usiache vidonge kwa sababu leo unajisikia mzima.

Mama wa nyumbani, nawe una dawa mkononi. Mtu mzima asipite kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi kwa siku, na ndani ya hesabu hiyo mna makayabu na kubu za mchuzi. Loweka makayabu, umwage maji mara mbili au tatu kabla ya kupika. Ondoa kopo la chumvi mezani. Uchunguzi ule uliona kwamba wanaoongeza chumvi mezani wamo hatarini zaidi, na wanaokula majani mabichi ya bustani kila mara wana kinga zaidi. Sombe na matembele tunayo, tusiyadharau. Sigara na lotoko kila mtu anajua zinakopeleka. Mwenye sukari naye atunze dawa zake.

BAADA YA HAPO

Mgonjwa akirudi nyumbani, kazi haijaisha. Miezi ya kwanza ndiyo ya kurudisha nguvu. Azoezwe kila siku kama alivyoonyeshwa hospitalini: kukaa, kusimama, kufungua vidole. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ale akiwa amekaa wima, kidogo kidogo.

Na zaidi ya yote, msimfanye mtoto. Mtu aliyepoteza maneno mara nyingi hakupoteza akili. Anaelewa mnaposema juu yake mbele yake. Mpeni muda wa kutafuta neno lake. Wenzake wa kazi wamtembelee, wamletee habari za zamu. Wengi hulia bila sababu na kukata tamaa. Hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa, na mganga aambiwe.

Sasa turudi Lubunga, katika nyumba ile ile. Ni saa mbili ya usiku, kijiko kinaanguka.

— Papa, inua mikono yote miwili, bibi yake anasema.

Mmoja unashuka. Mama anatazama saa, anamwambia kijana mkubwa:

— Piga simu kwa mwenye mtumbwi. Namba iko ukutani. Na wewe, dada, usimpe maji. Leta karatasi zake na lile blanketi.

Ndugu mkubwa anajulishwa kwa simu wakati wameshafika majini. Anasema:

— Vizuri, shemeji. Nitawakuta ng'ambo.

Saa tatu na nusu wako mbele ya mganga, na swali lake linapata jibu: «Saa mbili kamili, docta. Tulikuwa tunakula.» Hatuwezi kuahidi kwamba mkono utarudi. Tunaweza kusema kwamba saa kumi na mbili na nusu hazikupotea bure.

Wafanyakazi, kata ukurasa huu, ubandike ukutani. USO, MKONO, MANENO, SAA. Na wiki hii, kabla ya kushuka zamu, pita dispensari upimwe tansio.